Steringi wa Jumanji ni yule mpagazi

Sheria ya kwanza ya banda la video, ambayo mtoto huijua kabla hajajua kusoma, ni kwamba steringi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, gari lake lilipuke: maadamu filamu imebakisha nusu saa, jua atainuka. Ndiyo maana Jumanji: Welcome to the Jungle iliwashangaza wengi ilipoanza kuzunguka huku Kesses, ikipita kwenye flashi za wanafunzi kutoka chumba hadi chumba, katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Moi na vyumba vya kupanga vilivyo nje ya lango. Humo steringi anakufa, tena anakufa hadharani. Kisha anadondoka kutoka angani akiwa mzima, na kati ya mistari mitatu iliyochorwa mkononi mwake, mmoja umefutika. Maisha matatu kwa kila mchezaji. Yakiisha, umekwisha.

Filamu hiyo, iliyoongozwa na Jake Kasdan, ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 20 Desemba 2017 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 900 duniani kote. Maoni mengi ninayoyasikia juu yake huishia kwenye misuli ya Dwayne Johnson. Yangu ni tofauti, nami nitayatetea. Steringi wa filamu hii ni Kevin Hart, yule mfupi anayebeba mkoba. Na sisi wa uwanda huu wa Uasin Gishu tuna sababu za kumtambua kuliko watazamaji wengi wa kwingineko.

Kwa ambaye hajaiona, kisa chenyewe ni hiki. Wanafunzi wanne wa shule moja ya sekondari Marekani wanaadhibiwa siku moja. Spencer ni mwoga mwenye akili za darasani. Fridge ni pande la mtu, nyota wa timu ya futiboli ya Kimarekani. Bethany ni mrembo asiyeweza kuiweka simu chini, hata katikati ya mtihani. Martha ni mpole wa sura na mkali wa ulimi, na amemjibu vibaya mwalimu wa michezo. Adhabu yao ni kuingia kwenye stoo ya chini ya jengo na kuchomoa pini za magazeti ya zamani. Mwanafunzi wa shule yoyote ya bweni hapa kwetu ataitazama adhabu hiyo kwa wivu, maana huku tunajua kufyeka uwanja mzima na kung'oa kisiki. Humo stoo wanakuta mashine kuukuu ya gemu. Kila mmoja anachagua mhusika bila kumwangalia vizuri, na mashine inawameza.

Wanaangukia msituni, kila mmoja ndani ya mwili wa kuazima. Spencer mwoga amekuwa Dakta Smolder Bravestone, yaani Dwayne Johnson, mtu ambaye orodha yake ya udhaifu ni tupu. Martha amekuwa Ruby Roundhouse, mpiganaji aliyeigizwa na Karen Gillan. Bethany amejikuta mwanamume wa makamo mwenye kitambi, Profesa Shelly Oberon, kazi ya Jack Black. Na Fridge, aliyezoea kuwatazama wenzake kutoka juu, amepunguzwa hadi kimo cha Kevin Hart. Jina lake Franklin Finbar, wenyewe wanamwita Mouse. Kazi yake ni kujua wanyama na kumbebea Bravestone silaha. Udhaifu wake ni mbio, nguvu na keki.

Niseme neno juu ya Jack Black, kwa sababu haki yake haijalipwa vya kutosha. Ingekuwa rahisi kwake kumdhihaki msichana, kurembua macho na kubana sauti ili ukumbi ucheke. Hakufanya hivyo. Anamchukua Bethany kwa uzito wake wote, na baada ya dakika kumi unasahau kwamba unamtazama mwanamume. Tazama pale anapomfundisha Martha jinsi ya kutembea na kurusha nywele ili awavute walinzi. Martha amepewa mwili wa mrembo lakini hajui autumie vipi. Bethany anajua kila kitu, ila mwili haupo tena. Kicheko cha pale hakimwumizi yeyote kati yao, na ni waigizaji wachache wa vichekesho wanaokiweza.

Lakini nilisema habari yangu ni mkoba.

Spencer na Fridge hawakuadhibiwa kwa kosa dogo. Spencer alikuwa akimwandikia Fridge kazi zake za darasani, akizituma, naye Fridge akizipeleka kwa jina lake. Kwa maneno mengine, nje ya mchezo Spencer ndiye aliyekuwa mpagazi, na mzigo wa Fridge ulikuwa kichwani mwake. Ndani ya mchezo mambo yanapinduliwa. Sasa Fridge ndiye mwenye mkoba mgongoni, na kila Spencer akihitaji silaha, sharti anyooshe mkono nyuma na mwenzake amkabidhi. Watunzi wangeweza kuiacha pale kama mzaha wa kimo. Hawakuiacha. Ugomvi wa wale wawili ndio uti wa mgongo wa filamu nzima, na unahusu jambo moja tu: nani anambebea nani, na kwa shukrani gani.

Hapo ndipo mtazamaji wa Kesses anaposogeza benchi mbele. Taswira hii ya msafara msituni, bwana jasiri akitangulia na mtu mfupi asiye na sifa akifuata na mizigo, haikuzuka Hollywood. Sehemu yake ilitengenezwa hapa hapa. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt alipotoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit, akapanda bara na kufika hadi uwanda wa Uasin Gishu. Hapa Wanandi waliua simba kwa mikuki mbele ya macho yake. Yeye na mwanawe walipiga wanyama 512 kwa hesabu waliyoiandika wenyewe, na mwaka 1910 kitabu chake kikatoka na kusomwa na Wamarekani wengi. Nyuma yake walitembea wapagazi zaidi ya 200, wakibeba mahema, chumvi ya kuhifadhia ngozi, na vitabu alivyopenda kusoma jioni. Jina la Roosevelt linajulikana dunia nzima. Nitajie mpagazi wake mmoja.

Hata adui wa filamu anatugusa. Anaitwa Van Pelt. Katika Jumanji ya kwanza, ya mwaka 1995, aliigizwa na Jonathan Hyde akiwa mwindaji mwenye bunduki ndefu na kofia ile ya kikoloni. Katika hii ya pili ni Bobby Cannavale, mvumbuzi aliyeiba kito cha jicho la sanamu ya chui wa Amerika, akatawaliwa nacho hadi wadudu wakawa wanamtoka masikioni. Mtu wa kwingine atalisikia jina hilo kama jina lolote la adui. Kwetu ni jina la wenye mashamba. Mwaka 1908, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, Makaburu kutoka Transvaal walikuja kwa meli hadi Mombasa, kwa treni hadi Nakuru, kisha kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe hadi uwanda huu, miaka mitatu baada ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, kuuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Kabla yao, Uingereza ilikuwa imefikiria kuwapa Wayahudi uwanda huu huu, na wajumbe wa vuguvugu la Wazayuni wakaja kuukagua. Kila aliyetumwa kuutazama aliona nyasi, maji na wanyama. Wenyewe walikuwepo, lakini mgeni alipohesabu hakuwahesabu.

Ndivyo Jumanji ilivyo, na hilo ndilo lawama langu kubwa kwa filamu hii. Ni msitu usio na wenyewe. Viboko na vifaru wanaishi jirani na chui wa Amerika, wanyama ambao porini hawajawahi kukutana, na mandhari yenyewe ilipigwa picha Hawaii. Kuna soko la mikate na vitambaa, limejaa watu, na karibu hakuna mwenye jina. Wanasema sentensi waliyopangiwa, ukiwauliza jingine wanairudia ile ile. Filamu ina kisingizio: hii ni gemu, na katika gemu watu wa pembeni ndivyo walivyo. Nakikubali kisingizio hicho nusu tu. Gemu nazo huandikwa na watu, na aliyeamua nani awe mchezaji na nani awe mapambo ya soko ni binadamu aliyeketi mezani.

Sasa njoo kwenye kipande ambacho, kwangu, kinabeba filamu nzima. Wachezaji wako ndani ya helikopta, na chini yao kundi la vifaru zeruzeru linakimbia bondeni. Kito kinaanguka katikati ya vifaru. Bila kito hakuna kurudi nyumbani. Bravestone anamtazama Finbar, anaomba radhi, kisha anamsukuma nje. Vifaru wanamfuata mpagazi, helikopta inashuka, kito kinaokotwa. Finbar anakanyagwa, mstari mmoja unafutika, na punde anadondoka kutoka angani akiwa amefura kwa hasira. Ukumbi unaangua kicheko. Mimi pia hucheka, maana Kevin Hart anakasirika kwa mwili mzima kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Na tuwe waadilifu: Fridge mwenyewe alikuwa amemsukuma Spencer kwenye genge hapo awali.

Hata hivyo, kicheko kile kinawezekana kwa sababu moja, kwamba mpagazi ana maisha mengine. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipopigana Afrika Mashariki, jeshi la wapagazi lilibeba vyakula na risasi vichwani kwa miezi na miezi, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, malaria na kuhara. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina kutokana nao. Kwenye sanamu ya askari iliyoko Kenyatta Avenue, Nairobi, mmoja wa wale watatu ni mpagazi. Wengi wao hawakupewa kaburi lenye jina, na ni Aprili 2021 tu ambapo tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi kwamba Waafrika hawakukumbukwa sawasawa na wenzao weupe. Walikuwa na mstari mmoja tu mkononi.

Na vifaru nao. Filamu ilikuwa bado haijatimiza miezi mitatu tangu itoke wakati Sudan, kifaru dume wa mwisho wa jamii ya vifaru weupe wa kaskazini, alipokufa Ol Pejeta, Laikipia, tarehe 19 Machi 2018 akiwa na umri wa miaka 45. Walibaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu. Kundi lile la vifaru linalotikisa skrini lilichorwa na kompyuta. Yule wa kweli alikuwa akilindwa na askari wenye bunduki usiku na mchana, mwendo wa saa chache tu kwa gari kutoka hapa. Sijaweza tena kukitazama kipande kile bila kumkumbuka.

Turudi kwenye kosa la Spencer, kwa sababu lina wenyewe huku. Kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao ni kazi iliyowalisha vijana wengi wa Kenya waliosoma, na miji ya vyuo vikuu ndiyo imekuwa makao yake. Tembea usiku kwenye vyumba vya kupanga vya mji wowote wa chuo nchini utaona taa ambazo hazizimwi. Usiku wa Kesses ni mchana na jioni ya Marekani, na kazi inatakiwa kabla ya saa sita ya usiku wa kwao. Kijana amejifunika blanketi mabegani kwa sababu ya baridi ya nyanda za juu, anaandika juu ya uuguzi wa wazee wa jimbo ambalo hajawahi kulikanyaga. Anaandika kupitia akaunti aliyoinunua au kuikodi, yenye jina na picha ya mtu mwingine. Huo nao ni mwili wa kuazima. Mwaka 2024 ilitoka filamu ya makala iitwayo The Shadow Scholars, iliyoongozwa na Eloïse King, ambamo Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, anawafuata vijana hawa na kuwasikiliza. Ni filamu ambayo kila mzazi wa mwanafunzi wa chuo kikuu angepaswa kuitazama.

Sitetei udanganyifu. Anayenunua insha anaiba cheti, na siku moja atamtibu mtu kwa cheti hicho. Lakini katika Jumanji, Spencer na Fridge wote wawili waliitwa ofisini, wote wakateremshwa stoo. Katika biashara hii ya kwetu anayeteremka stoo ni mmoja. Mwenye mzigo anavaa joho na kupiga picha na wazazi wake. Aliyeubeba hana hata haki ya kusema kwamba aliwahi kuandika neno moja. Na tangu ChatGPT ilipozinduliwa Novemba 2022, wengi wa waandishi hawa wanasema oda zimekauka, kwa hivyo hata ujira ule haupo. Kijana mwenye shahada, mwenye Kiingereza safi na uwezo wa kusoma mada yoyote akaielewa kwa usiku mmoja, amebaki na ujuzi mkubwa usio na jina lake juu yake. Tumewahi kujiuliza kwa dhati, serikali na vyuo vyetu vikuu, tungewapa kazi gani vijana wa namna hiyo?

Filamu ina mengine mazuri ambayo nitayapitia haraka. Kuna nyumba ya mtini iliyochongwa jina la Alan Parrish, yule aliyeigizwa na Robin Williams mwaka 1995. Williams alifariki Agosti 2014, na salamu ile fupi imetolewa kwa heshima. Kuna pia Alex, aliyeigizwa na Nick Jonas. Yeye alimezwa mwaka 1996. Alikuwa ameidharau Jumanji ilipokuwa bado mchezo wa ubao, akiuliza nani siku hizi anacheza michezo ya ubao, na usiku huo ubao ukajigeuza gemu. (Angepita steji yoyote ya bodaboda angewaona wanaoucheza, wameinamia drafti ya vizibo vya soda hadi abiria anakasirika.) Anadhani amekaa msituni miezi michache. Anapoambiwa kwamba imepita miaka ishirini, uso wake unaanguka. Nilimfikiria kijana wa huku aliyepotea 1996 akarudi 2016. Angekuta simu mkononi mwa kila mtu, pesa ndani ya simu, wilaya imekuwa kaunti. Kisha angeanza kuwauliza majirani wa Burnt Forest aliokuwa akicheza nao, na kuna mtu ambaye ingembidi amketishe chini na kumweleza ghasia za baada ya uchaguzi za mwanzoni mwa 2008. Watu wa Uasin Gishu hawahitaji kufundishwa jinsi miaka inavyoweza kuibwa.

Mwishoni, misuli ya Bravestone haitoshi. Njia imefungwa na chui, maisha ya kila mmoja yamebaki machache, na anayefika kuokoa hali ni Finbar, juu ya mgongo wa tembo. Ujuzi wa wanyama, ule ambao wenzake waliucheka tangu mwanzo, ndio uliomwezesha. Mpagazi ndiye aliyekuwa anajua msitu. Wakishatoka salama wanaivunja mashine ile kwa mpira mzito wa bolingi, na Spencer na Fridge wanatembea pamoja, kila mtu na begi lake mwenyewe.

Uamuzi wangu, basi. Ile ya 1995 ina huzuni na kina zaidi kwa sababu ya Robin Williams. Ya 2019, The Next Level, inachekesha kwa ajili ya Danny DeVito na Danny Glover, lakini inarudia yale yale. Ya 2017 ndiyo bora kati ya hizi mbili mpya, na kama ni kugawa tuzo ningempa Jack Black ya uigizaji na Finbar ya ushujaa. Ina mizaha kadhaa ya mwili na lugha isiyofaa watoto wadogo, kwa hivyo mzazi aketi nayo kwanza.

Kwenu wanafunzi wa kompyuta, historia na fasihi wa Chuo Kikuu cha Moi, nina ombi. Mna uwanda wenye simba wa Wanandi, magari ya ng'ombe ya Makaburu na msafara wa watu 200 wenye mizigo vichwani. Tungeni gemu ya mwaka 1909, na mchezaji anapochagua mhusika, Roosevelt asiwe kwenye orodha. Wawe wapagazi peke yao, kila mmoja na jina lake, kijiji chake, lugha yake na ujuzi wake, na kila mmoja apewe maisha moja.